Sablaji ya maji Kampemba: kwa alumini nenda, kwa chuma jiandae, kipande cha ndege usipeleke

Tathmini hii ni kwa mafundi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaofungua pampu, giaboksi, turbo na injini za pikipiki, na ambao mpaka leo wanasafisha bodi za alumini kwa brashi ya waya na petroli. Katika Quartier Industriel, komini ya Kampemba, kuna ateliye (karakana) inayofanya sablaji ya maji, yaani kusafisha metali kwa chembe laini zinazorushwa pamoja na maji na hewa. Nimekuwa nikiwapelekea kazi tangu kiangazi kilichopita. Kwa alumini, sijaona mjini kazi inayoizidi hii. Kwa chuma wanafanya vizuri pia, ila ni lazima uende umejiandaa. Kipande cha ndege usiwapelekee, na wao wenyewe watakukatalia. Hilo la mwisho nitalieleza, kwa sababu ndilo lililonifanya niwaamini.

Mimi ni fundi wa pampu za haidroliki za mitambo ya migodini. Kabla ya hapo nilikuwa hangarini pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, upande wa magurudumu na breki za ndege ndogo. Huko ndiko nilikozoea kuuangalia uso wa metali kwa kioo cha kukuza kabla ya kusema kwamba ni safi.

Mashine yao ni kabati la chuma kisichoshika kutu, na chini lina tangi lenye umbo la faneli. Tangini kuna maji na chembe laini, mchanganyiko mwepesi kama uji wa mgonjwa. Pampu inauvuta mchanganyiko huo na kuupeleka kwenye bunduki, na hapo unakutana na hewa ya kompresa inayousukuma kwa kasi. Fundi anaingiza mikono kwenye glavu ndefu zilizofungwa ukutani mwa kabati, anashika kipande kwa mkono mmoja na bunduki kwa mwingine, anatazama kupitia kioo chenye wipa. Maji yanarudi chini na chembe zake, zinatumika tena.

Maji hapo yana kazi nyingi. Yanabeba chembe na kupunguza ukali wa pigo, na yanaondoa uchafu palepale unapong'oka, kabla haujapigwa tena na kuzamishwa kwenye metali. Kwa sablaji kavu chembe inayovunjika mara nyingi huacha kipande chake kimechomeka kwenye alumini, kwa kuwa alumini ni laini. Macho hayakioni, lakini sili ya mpira itakiona baada ya wiki kadhaa. Tena chembe laini sana haifai kwa sablaji kavu, inageuka vumbi na kuziba. Ndani ya maji hiyohiyo inapita bila shida, na ndiyo inayoacha ule uso wa kijivu uliotulia, sawasawa pote, bila mikwaruzo.

Kazi ya kwanza niliyowapa ilikuwa bodi ya alumini ya pampu ya gia, imeliwa na mafuta yaliyoungua na udongo mwekundu ulioganda kwenye kona zote. Kabla ya kuipeleka nilipima tundu la bushi kwa mikromita ya ndani na kuandika. Iliporudi nikapima tena. Kifaa changu kinasoma hadi sehemu ya mia ya milimita, na hakikuonyesha tofauti yoyote. Walikuwa wametumia shanga za kioo kwa presha ya baa 3. Shanga za duara hazikwangui kama alumina, yaani chembe ngumu zenye kona kali; zinagonga na kung'arisha. Ukitaka rangi ishike, omba alumina. Ukitaka uso safi tu wa kurudisha kazini, shanga zinatosha, na kijana wa pale anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Kisha nikafanya jaribio la maji. Mwagia maji safi juu ya uso, inamisha kipande, tazama. Penye usafi maji yanatandaa utando mmoja. Penye mafuta, hata ya alama ya kidole, utando unakatika na maji yanajikunja kuwa matone. Wanaoandaa sehemu za ndege kabla ya kuzigundisha kwa gundi hutumia jaribio hilihili na huhesabu kama nusu dakika. Utando ukikatika, kipande kinarudi kuoshwa. Bodi yangu ilishika maji vizuri, isipokuwa kwenye ukingo mmoja alipoishika kijana kwa mkono mtupu wakati wa kunikabidhi. Nilimwonyesha. Siku hizi ananipa kipande kwa glavu safi bila kuambiwa.

Sasa nije kwenye kuosha. Hapa ndipo fundi mwenzangu anaweza kuua pampu mpya. Shanga wanazotumia ni za mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) hamsini hivi na kuendelea. Ndani ya pampu ya haidroliki nafasi kati ya vipande vinavyosuguana ni ndogo kuliko hapo, nyingine ni mikroni chache tu. Kwa hiyo kila shanga inayobaki kwenye mfereji wa mafuta ina mahali pa kwenda kuharibu. Na zinapenda kubaki: kwenye nyuzi za boliti, kwenye matundu yasiyotokea upande wa pili, chini ya plagi ambazo fundi hakuzifungua. Tope la chembe likikauka humo linaganda, na ukilipuliza kwa hewa linatoka nusu tu. Nusu nyingine inangoja mafuta ya moto.

Ateliye inaosha kila kipande kwa maji safi kikiwa bado kimelowa, ndani ya kabati, halafu tena nje kwenye beseni. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini hawafungui plagi za mifereji, na sidhani ni kazi yao. Fungua mwenyewe kabla ya kupeleka. Ondoa mafuta yote, kwa kuwa mafuta yakiingia kwenye tangi lao yanafunga chembe madonge na kazi ya kila mtu wa siku hiyo inaharibika. Patron, mwenye ateliye, atakurudisha nyumbani na bodi yako, na atakuwa na haki. Kikirudi kwako, pitisha brashi ya nailoni katika kila tundu kwa maji ya moto na sabuni, puliza, kisha sukuma kitambaa cheupe ndani. Kitambaa kikitoka kinameta, rudia. Mimi sifungi pampu mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia.

Kuna matundu yasiyotakiwa kuguswa kabisa, kama lile ambamo gia zinazunguka, na nyuso zinazoziba bila gasketi. Haya lazima yazibwe. Utepe wa karatasi hauvumilii maji, unabanduka na chembe zinaingia chini yake. Ateliye wana vizibo vichache vya mpira, vingi vimekwisha kuliwa. Nakata vyangu kutoka mpira wa ndani wa tairi la lori, navibana kwa boliti na washa, nawapelekea kipande kikiwa tayari kimezibwa. Kijana akiona kipande kimeandaliwa hivyo anakishughulikia kwa heshima zaidi, hilo nimeliona.

Kasoro kubwa ya ateliye ni kwamba wana mashine moja kwa metali zote. Asubuhi wanaweza kuwa wanasafisha springi na flanji za chuma zenye kutu, na mchana umewaletea alumini. Vumbi la chuma linabaki kwenye mchanganyiko, linapigwa juu ya alumini, na penye unyevu metali hizi mbili zikigusana alumini ndiyo inayoliwa. Utaona madoa ya kahawia baada ya siku chache, halafu vishimo. Viwandani ambako kazi hii inafanywa kwa ajili ya ndege, chembe zilizogusa chuma haziruhusiwi kugusa alumini. Patron analijua jambo hili. Siku moja nilifika na turbo, akachota mchanganyiko kwenye kikombe, akapitisha sumaku kando yake, akanionyesha nywele nyeusi zilizojikusanya. "Mama Fundi," akasema, "mayi ya leo iko na buchafu ya chuma. Kwa alumini, urudie kesho." Hakuchukua pesa yangu. Lakini mteja asiyemjua, au anayemkuta kijana peke yake, hatapewa onyo hilo. Mashine ya pili, hata ndogo, ingemaliza tatizo, na nimemwambia hivyo mara nyingi: "Papa, kazi iko, nunua."

Kwa vipande vya chuma adui ni kutu. Uso wa chuma uliotoka kwenye sablaji ya maji uko uchi kabisa, na unaanza kugeuka rangi ukiwa bado mikononi mwako. Dawa ya kuzuia kutu inatiwa kwenye maji ya kuoshea, halafu kipande kinakaushwa haraka kwa hewa ya moto. Wanayo dawa, wanayo hewa ya moto. Umeme ndio usioaminika. SNEL, shirika la umeme, ikikata katikati ya kazi, grupu yao (jenereta) inaendesha taa na pampu lakini haiwezi kuvuta kompresa kubwa wala kipuliza joto, na kipande chako kinabaki kimelowa. Chembe nazo zinatuama chini ya tangi na kushikana, na umeme ukirudi wanahitaji muda wa kuzikoroga kabla bunduki haijatoa mchanganyiko ulio sawa. Ukienda na chuma, beba kopo lako la mafuta ya kinga na vitambaa vikavu. Umeme ukikatika, kausha kwa mkono, paka mafuta, hutapoteza kitu.

Maji yao ni ya foraji (kisima kirefu cha kuchimbwa), na kama maji mengi ya ardhini hapa kwetu yana chokaa. Yakikauka juu ya alumini yanaacha alama nyeupe za matone. Kwa bodi ya pampu si neno. Kwa kifuniko cha injini ambacho mteja anataka king'ae, omba maoshi ya mwisho yawe kwa maji ya mvua. Wanayahifadhi kwenye pipa wakati wa masika, na hawakunyimi ukiomba.

Baadhi ya wenzangu wanasema watajitengenezea mashine kama ile gerejini. Kabati utaweza. Pampu ya mchanganyiko utaitafuta sana, kwa kuwa pampu ya kawaida ya maji italiwa upesi. Na hewa ndiyo itakayokushinda. Mdomo wa milimita 8 kwa presha ya baa 7 unakula karibu mita 4 za ujazo za hewa kwa dakika, na kompresa ya kujazia matairi haifiki hata robo yake. Ongeza kwamba mji wetu uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, na kompresa inayosifiwa kwenye kibandiko chake inatoa pungufu karibu sehemu moja ya nane kuliko ingetoa Mombasa au Dar es Salaam. Patron alinunua kubwa kuliko ile aliyoambiwa na muuzaji, na ndiyo sababu presha yake haishuki katikati ya kazi.

Nina jambo la moyoni kuhusu vumbi. Sablaji ya mchanga ni kazi ya zamani. Benjamin Tilghman alipata hataza yake Marekani mwaka 1870. Madhara ya mchanga kwenye mapafu yalijulikana vizuri kiasi kwamba Uingereza ikaupiga marufuku katika kazi hii tangu 1950. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na bado mjini kwetu nawaona vijana wanapiga mageti na matangi kwa mchanga wa mto, kitambaa cha shati kimefungwa puani. Kitambaa hakizuii vumbi lile. Chembe zinazoua ni zile zisizoonekana, zinafika chini kabisa ya pafu na hazitoki. Silikosisi haina dawa ya kuiponya. Kijana wa miaka ishirini anaanza kukohoa akiwa na thelathini, na watu wanasema ni kifua kikuu, wakati mwingine ni vyote viwili, kwa kuwa mapafu yenye silika yanashikwa na kifua kikuu kwa urahisi.

Ukiingia kwenye ateliye hii unaweza kuzungumza na fundi akiwa kazini na usione vumbi hewani. Hakuna mchanga: ni shanga za kioo na alumina tu, na kioo cha shanga hakina silika ya fuwele kama mchanga. Hilo peke yake linatosha mimi kuwapa pesa yangu. Naomba tu vijana wavae barakoa za kweli wanapochota tope lililokauka, kwa sababu likikauka linarudi kuwa vumbi, na ndani yake mna rangi za zamani, madini ya risasi na kila kilichong'olewa. Niliwakuta wakichota bila kitu usoni.

Tope lenyewe linanisumbua. Wanalituamisha kwenye mapipa, maji ya juu yanarudi kazini, tope linakaushwa na kuwekwa kwenye magunia. Magunia yamepangwa nyuma ya jengo, chini ya bati lisilofika mwisho wa ukuta. Mvua kubwa zikianza mnamo Novemba, magunia ya pembeni yatalowa na maji yatakwenda mtaroni. Sisi watu wa Lubumbashi tumeishi na mabaki ya viwanda vya madini zaidi ya miaka mia moja, hatuhitaji kuongeza. Patron amesema atajenga sakafu ya saruji na paa kamili. Nitakwenda kuangalia.

Sasa ile habari ya ndege. Asubuhi moja nilimkuta pale kijana ameleta nusu ya gurudumu la ndege ndogo, rangi imebabuka, anataka isafishwe upesi. Patron aliigeuza mikononi akaomba karatasi za kazi. Hakukuwa na karatasi. "Petit yangu, hii ni ya kuruka," akamwambia, "miye sina ruhusa." Akairudisha. Kijana alipandisha bei, na jibu halikubadilika.

Nilisimama pale nikiwa nimefurahi kwelikweli, kwa maana najua kilichokuwa hatarini. Gurudumu la ndege ni nusu mbili zilizofungwa kwa boliti, za alumini au pengine magnesiamu. Sehemu inayoogopwa ni kona ambapo ukingo wa tairi unakaa. Hapo ndipo ufa mdogo unapenda kuanzia. Rangi ikishaondolewa, mkaguzi anautafuta ufa huo kwa rangi ya kupenya, kimiminika chenye rangi kinachoingia ndani ya ufa na kuuonyesha, au kwa mkondo wa umeme. Ukipiga uso kwa shanga na presha isiyofaa, metali ya juu inasogea na kuufunga mdomo wa ufa. Rangi ya kupenya haiingii. Mkaguzi anaona uso mzuri, anatia saini, na ufa unaendelea kukua ndani kwa kila kutua. Ndiyo maana mwongozo wa mtengenezaji unasema chembe ya aina gani, presha gani na umbali gani, na kazi inafanywa na karakana yenye idhini inayoweka kumbukumbu ya kila hatua.

Viwanda vya injini za ndege vinaipenda sablaji ya maji kwa sababu inaweza kudhibitiwa namna hiyo: kuandaa mapanga ya turbini kabla ya kupakwa tabaka la kinga, au kuandaa sehemu za nyuzi za kaboni kabla ya kugundishwa. Hata kupiga shanga kwa makusudi ya kuimarisha uso dhidi ya uchovu wa metali kuna kipimo chake, vibati vya Almen, kwa jina la John Almen wa General Motors. Ni kibati cha chuma cha springi, urefu milimita 76 na upana 19. Kinapigwa upande mmoja, kinajikunja, na mkunjo wake ndio unaopimwa. Ateliye ya Kampemba haina vibati hivyo wala haidai kuwa navyo. Mashine inafanana na zile za wakubwa kwa namna inavyofanya kazi, na mwenyewe anajua mpaka wake uko wapi.

Na boliti za ndege za zamani msizipeleke popote kusafishwa hivi. Nyingi zimepakwa kadimiamu, na kadimiamu ni sumu. Ikiingia kwenye maji ya tangi, itawagusa vijana wote wanaochota humo.

Bei: bodi ya pampu ya gia nililipa dola 10, kulasi (kichwa cha silinda) ya pikipiki dola 8, jumba la turbo upande wa hewa dola 12. Wanapokea faranga kwa kiwango cha siku. Ukileta kilichokwisha kusafishwa mafuta na kuzibwa matundu wanapunguza kidogo. Ni ghali kuliko kijana wa brashi, lakini kijana wa brashi hawezi kuingia kwenye kona za bodi ya pampu.

Nenda asubuhi, siku ambayo wamebadilisha chembe. Piga simu kwanza uulize kama wameanza na alumini au na chuma. Ukifika, omba kikombe cha mchanganyiko na upitishe sumaku mwenyewe. Hawakasiriki.